Kabla Hujafunga Bastola Kiunoni

Mtu wa Bilele, hapa Bukoba, anayeulizia bastola kwa kawaida si jambazi wala mpenda sifa. Ni mwenye duka la jumla anayefunga hesabu giza limeshaingia. Ni wakala wa fedha za simu, mnunuzi wa samaki anayerudi kutoka Kemondo mzigo ukiwa umeshauzwa, au mama mwenye nyumba ya wageni ambaye wateja wake wengi hulipa taslimu. Swali lao huwa moja: ninunue ipi iliyo ndogo, isiyoonekana chini ya shati? Nitalijibu, lakini si kwanza. Kuchagua chuma chenyewe ni kazi nyepesi kuliko zote katika shughuli hii, na ndiyo maana wengi hukimbilia kuanzia hapo.

Jiulize kwanza hatari inakujia kwa njia gani. Huku kwetu bunduki si ngeni. Vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979 vilianza kupiganwa juu ya ardhi ya mkoa huu wa Kagera. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika Ngara na Karagwe kwa mamia ya maelfu, na katika miaka ya misukosuko iliyofuata silaha za kivita nazo zilipenya mipaka. Kwa miaka mingi mabasi yalisubiriana ili yasindikizwe na askari kupita misitu ya Biharamulo. Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na silaha haramu zilikuwa miongoni mwa vilivyosakwa. Haya, hatari ya kwanza: uko ndani ya basi lililojaa, usiku, na mbele yako wamesimama wanaume watatu wenye bunduki za kivita. Bastola ya kiunoni ingekusaidia nini? Ingekufanya uwe wa kwanza kupigwa, na jirani yako wa kiti awe wa pili. Kwa safari ya namna hiyo jibu langu ni fupi: iache nyumbani, imefungiwa.

Hatari ya pili ni wanaovunja nyumba usiku wa manane, mara nyingi kwa panga na nondo, tena kwa kundi. Hapo mlango wa chuma wenye makomeo ya ndani, taa ya nje inayowaka hata umeme ukikatika, mbwa, na namba za simu za majirani watatu vinakupa kitu ambacho bastola haikupi, yaani muda. Ukishaupata muda huo, silaha inaweza kuwa ya mwisho kwenye orodha yako. Bila muda huo utakuwa unapapasa funguo gizani huku mtu ameshaingia chumbani.

Ya tatu ndiyo inayowasumbua wengi: mtu anayekufuata kutoka dukani hadi getini. Huyu haji kwa kutangaza. Anatokea nyuma, hatua mbili tatu. Kupandisha shati, kushika mpini, kuchomoa na kuelekeza ni kazi ya sekunde kadhaa hata kwa aliyezoea, na nondo haisubiri. Bastola humfaa yule aliyemwona mshambuliaji mapema, na aliyemwona mapema mara nyingi anaweza pia kurudi ndani akafunga mlango. Kwa hiyo punguza kwanza kile kinachofuatwa. Peleka fedha benki au kwa wakala mkubwa mchana, badilisha saa na njia, usihesabie noti mlangoni, na usiondoke peke yako. Mkulima wa kahawa wa Muleba anayelipwa na chama chake cha msingi kupitia akaunti ya benki ameshajiondolea nusu ya sababu za kutaka silaha. Mfanyabiashara wa dagaa, ambaye mtindo wake wa malipo bado ni bahasha ya noti, ana kazi kubwa zaidi ya kufanya hapo kuliko kwenye duka la silaha.

Kisha kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: bastola yenyewe ni mali inayowindwa. Septemba 2014 kituo cha polisi cha Ushirombo, kwa majirani zetu wa Geita, kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Agosti 2021 Dar es Salaam, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliwashambulia askari kwa bastola akachukua silaha zao. Kama askari mwenye mafunzo na mwenzake pembeni anaweza kunyang'anywa, mwenye duka ambaye mtaa mzima unajua ana bastola amewaongezea wezi sababu ya kumfuata. Ndiyo maana nasisitiza isionekane, na zaidi ya hapo isisikike. Asijue kijana wa dukani, asijue bodaboda wako wa kila siku, wala mwenzako wa meza mnapopata kinywaji. Anayepaswa kujua ni mkeo au mumeo, pamoja na wale wanaokupa leseni.

Sheria inayotawala sasa ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Maombi huanzia chini, kwa viongozi wa mtaa au kijiji na kata wanaokufahamu, yanafika kwa mkuu wa polisi wa wilaya, yanajadiliwa kwenye kamati za ulinzi na usalama, ndipo yanapanda kwa wenye mamlaka ya kutoa leseni. Utaulizwa sababu, na historia yako itachunguzwa. Sheria hiyo imeweka pia cheti cha umahiri, kwa maana ya kwamba uonyeshe unaijua silaha kabla ya kupewa. Usikasirikie mlolongo huu, wala usimsikilize anayekuambia ana njia ya mkato ya kutoka ng'ambo ya mpaka. Bastola isiyo na karatasi inakugeuza mhalifu siku ileile unayoipokea, na hutathubutu hata kutoa taarifa ukiibiwa. Kama tayari unayo ya namna hiyo, labda umeikuta kwenye sanduku la marehemu mzee, Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha, kama ule wa Septemba na Oktoba 2023. Vitumie. Leseni ikitoka, isome neno kwa neno na uyashike masharti yake ya kubeba, ulipie ada kwa wakati, na utembee nayo kila unapotembea na silaha.

Kuna kifungu kimoja kingine ambacho kila mwombaji angepaswa kukijua kabla ya bei. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea, wewe na mali yako, lakini kifungu cha 18B kinaiwekea kipimo: nguvu iwe ya kadiri inayohitajika. Ukizidisha na mtu akafa, ni kosa la kuua bila kukusudia. Mwizi wa kuku anayekimbia kwenye migomba huku amekupa mgongo hakutishii tena. Ukimpiga risasi, jioni ile wewe ndiye utakayelala mahabusu, na kesi itakula duka lako lote.

Sasa tuje kwenye chuma.

Kosa la kwanza la mnunuzi mgeni ni kudhani kuwa ikiwa ndogo zaidi ndiyo bora zaidi. Bastola ndogo sana ina mpini mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika, na mtutu wake mfupi hausamehi mkono unaotetemeka. Tena kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyopiga teke zaidi kwa risasi ileile. Nenda dukani, omba ikaguliwe kuwa tupu mbele yako, kisha ishike. Vidole vyote vitatu vya chini vienee kwenye mpini. Kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio kwa pedi yake, bila kukaza mkono. Uweze kuvuta sehemu ya juu nyuma mara kumi bila kuhema. Mtu mwenye mikono midogo au yabisi viganjani hushindwa hapo, na ni afadhali ashindwe dukani kuliko kibarazani kwake.

Ukubwa wa kati ndio ninaowashauri wengi. Glock 19 ya Austria ni mfano unaofahamika: ya milimita 9, magazini ya risasi 15, uzito wa kama gramu 600 ikiwa tupu. Inafichika chini ya shati lisilochomekwa la mwanaume wa mwili wa wastani, na bado inashikika kama kifaa cha kazi. Ndugu yake mdogo, Glock 26, ni fupi na nene, na magazini yake ni ya risasi 10. Ile nyembamba, Glock 43, iliyotoka mwaka 2015, hubeba 6 tu, na hukaa vizuri kwa mtu mwembamba au mwanamke anayevaa nguo za kushika mwili. Sisemi ununue Glock. Beretta ya Italia na CZ ya Cheki zina zao za kiwango hicho hicho, na zipo za Kituruki za bei nafuu. Nimetaja hizo ili upate kipimo cha kulinganishia.

Kwa mzee au mtu ambaye milimita 9 inamtikisa mno, zile za 7.65, kama Walther PPK ambayo Wajerumani walianza kuitengeneza mwaka 1931, bado zinafaa. Nguvu ya risasi yake ni ndogo, lakini risasi ndogo inayolenga ni bora kuliko kubwa inayopiga dari. Ila PPK ina tabia ya kumchuna mwenye kiganja kinene kwenye ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Jaribu kwanza. Rivolva ndogo ya risasi tano ina sifa moja kubwa: haina magazini, na ukivuta ikagoma unavuta tena. Ubaya wake ni kwamba kifyatulio ni kizito na teke ni kali, na watu wengi huikosea shabaha hata kwa mita tano. Rivolva huwa namshauri mtu aliye tayari kufanya mazoezi mengi zaidi, ingawa wauzaji hupenda kuiita ya wanaoanza.

Jihadhari na za zamani zenye jina kubwa. Tokarev, iwe ya Kirusi au ndugu yake wa Kichina, kwa muundo wake wa asili haina kizuizi cha usalama cha kawaida. Kuibeba ikiwa na risasi kwenye chemba ni kujitafutia mguu wa bandia. Makarov ni imara, lakini "milimita 9" yake si milimita 9 ya Glock au Beretta. Ganda lake lina urefu wa milimita 18, ile nyingine 19, na hata unene wa risasi unatofautiana. Ukinunua boksi kwa kusoma namba ya kwanza tu umenunua kasha la takataka. Hilo linanirudisha kwenye swali ambalo lingepaswa kutangulia yote: risasi utazipata wapi? Maduka ya silaha yenye leseni ni machache nchini, na mengi yako miji mikubwa. Uliza kwanza risasi zipi hazikosekani, ndipo uchague bastola inayozila. Mwenye bastola ya ajabu na risasi nane za mwaka juzi hatafanya mazoezi, na asiyefanya mazoezi amebeba uzito tu.

Mazoezi yanahitaji fedha pia. Tenga angalau kiasi sawa na nusu ya bei ya bastola kwa risasi za kulengea na mwalimu, tena mahali palipoidhinishwa. Shambani kwa babu yako Kamachumu, ambako nyuma ya migomba kuna njia ya wanafunzi, si mahali pa kulengea. Kumbuka pia nyumba zetu za Bilele, Kashai na Hamugembe zilivyoshikana. Risasi ya milimita 9 hupita mlango wa mbao, hupita bati, na ukuta mwembamba hauaminiki. Kila unapofikiria kufyatua ndani ya nyumba, fikiri ni kitanda cha nani kiko upande wa pili.

Kuhusu hali ya hewa, Bukoba haina huruma na chuma. Mvua yetu ni kama milimita 2,000 kwa mwaka, upepo wa ziwa una unyevu asubuhi hadi jioni, na bastola iliyogusa jasho la tumbo huanza kuota kutu mahali usipopaona: chini ya vibao vya mpini, kwenye springi ya magazini, ndani ya mtutu. Zenye mwili wa plastiki ngumu na chuma kilichotibiwa huvumilia kuliko zile nyeusi za kizamani ambazo rangi yake hutoka kwa kidole. Ala ya ngozi ni nzuri kwa macho, lakini hunywa maji na kuyatunza. Ukirudi umelowa, ikaushe mbali na moto na usiache bastola ilale ndani yake. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni. Nimesema kidogo kwa sababu mafuta yakizidi hupenya kwenye fataki ya risasi na kuiua, na risasi iliyokufa inafanana kabisa na nzima. Zile unazobeba kila siku zibadilishe, za zamani zitumie kwenye mazoezi.

Namna ya kubeba ndiyo inayowashinda wengi zaidi ya kuchagua. Lazima iwe ala iliyotengenezwa kwa bastola hiyohiyo, inayofunika kifyatulio chote na kushika mkanda imara. Bastola iliyochomekwa tupu kiunoni, kama tunavyoona kwenye filamu, huteleza mpaka kwenye paja, au hufyatuka mtu anapoidaka. Mfukoni isikae na funguo wala sarafu. Mkoba wa mama ni mahali pabaya kuliko pote, maana waporaji wa pikipiki wanachotaka ni mkoba huohuo. Na kwa kuwa wengi wetu tunapanda bodaboda, jaribu kukaa nayo kwanza: unapoinama mbele shati hupanda na mpini huonekana nyuma, abiria wa pili anaugusa kwa goti. Kwenye haisi iliyobanana ni hivyohivyo. Koti jepesi la mvua, ambalo hapa kwetu halimshangazi mtu mwezi wowote, linaficha vizuri kuliko shati lolote. Anayeanza abebe chemba ikiwa tupu. Najua wataalamu wengi watanipinga kwamba inachelewesha, na ni kweli inachelewesha, lakini ajali ya mkono mgeni naiogopa kuliko sekunde hiyo.

Kuna mahali usipopaswa kuipeleka kabisa, na mahali unapoipeleka kwa utaratibu tu. Mutukula, mpakani na Uganda, ni mwisho wake: leseni ya Tanzania haikulindi ng'ambo, na kusahau si utetezi. Melini kwenda Mwanza na uwanja wa ndege, jitambulishe kwa polisi kabla ya ukaguzi, usingoje mashine ikuseme. Benki, mahakama na nyumba za ibada, iache. Baa vilevile, hata kama unakwenda kunywa soda. Lubisi yetu ya ndizi, bia na konyagi havikai kiti kimoja na bastola, na kama wewe ni mtu wa kinywaji cha kila jioni, ushauri wangu ni kwamba usiombe leseni.

Hasira nayo ipimwe kabla. Novemba 2006 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, Ditopile Mzuzuri, alishtakiwa kwa kifo cha dereva wa daladala aliyepigwa risasi katika tukio la barabarani jijini Dar es Salaam. Alifariki mwaka 2008 kesi ikiwa haijafika mwisho. Mei 2022 Mwanza ilishtushwa na mume aliyemuua mkewe kwa bastola kisha akajiua. Watu hawa hawakuwa wanyang'anyi wa njiani. Nyumba yenye ugomvi wa ndoa, kesi ya kibanja kati ya ndugu, au mtu aliyezama kwenye huzuni asiyetaka kuongea, haifai kuwa na bastola kabatini hata kama wezi wamejaa mtaani. Ukiwa nayo tayari na mambo yakageuka hivyo, nenda polisi ukaombe ihifadhiwe. Hakuna aibu katika hilo.

Ikiwa haiko kiunoni, iwe kwenye kasha la chuma lililofungwa kwa bolti sakafuni au ukutani, risasi mbali nayo. Si chini ya godoro, si juu ya kabati ambako mtoto wa miaka sita anafika kwa kiti kimoja. Tetemeko la 10 Septemba 2016 liliangusha na kupasua nyumba nyingi hapa mjini, watu wakalala nje kwa hofu. Fikiria bastola iliyokuwa kwenye droo ya kitanda siku ile, ukuta umefunguka na kila mpita njia anaingia kusaidia kutoa vyombo. Andika namba ya silaha mahali pengine tofauti na leseni. Ikipotea au ikiibwa, toa taarifa saa hiyohiyo, kwa sababu kila itakachofanya baada ya hapo kitaanza kuulizwa kwako.

La mwisho ni la wosia, na Wahaya tunapenda kuwa wazi kwenye mambo ya urithi. Kibanja kina mrithi wake, nyumba ina wake, lakini bastola hairithiwi kwa maneno ya kikao cha ukoo. Leseni ni yako wewe, na siku ukiondoka imekwisha. Waandikie ufunguo wa kasha uko wapi, uwaambie wasiiguse wala kuipeleka kijijini pamoja na vyombo vya marehemu. Wamwite askari aje aichukue, na anayetaka kuwa nayo aanze maombi yake mwenyewe kwa mtendaji wa mtaa wake.